Kahawa ya Amin na Gharama ya Msimamo: Uhakiki wa Madai kuhusu Biashara kati ya Nchi za Kidemokrasia na Tawala za Kidikteta

Ikisiri

Mijadala kuhusu uhusiano wa nchi za kidemokrasia na tawala za kidikteta hutawaliwa na madai matatu: kwamba biashara humlainisha dikteta, kwamba maslahi ya biashara daima huizima sauti ya haki, na kwamba vikwazo vya uchumi, vikiwekwa, humwangusha mtawala. Makala haya yanayahakiki madai hayo kwa kurejelea Uganda ya Idi Amin, 1971 hadi 1979, hususan mwenendo wa Uingereza na Marekani, na kwa kiasi fulani ule wa majirani. Inaoneshwa kwamba kila dai lina sehemu ya ukweli, lakini hakuna linaloeleza kwa nini hatua zilichukuliwa wakati zilipochukuliwa. Kinachoeleza zaidi ni maswali mawili: nani ndani ya nchi inayofanya biashara hubeba gharama ya msimamo, na je, bidhaa inayohusika ina mbadala? Makala yanahitimisha kwamba gharama inayotajwa kuwa kisingizio cha kutotenda inapaswa kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Maneno muhimu: biashara ya nje, udikteta, vikwazo, kahawa, Uganda

1.0 Utangulizi

Mwezi Februari 1977, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana nchini Uganda, Janani Luwum, aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ya Amin ilitangaza kuwa walikufa katika ajali ya gari. Siku chache baadaye Rais Jimmy Carter wa Marekani, aliyekuwa ameapishwa mwezi uliotangulia kwa ahadi kwamba haki za binadamu zingekuwa nguzo ya sera yake ya nje, alisema hadharani kwamba vitendo vya utawala wa Uganda vimeuchukiza ulimwengu mzima uliostaarabika. Hata hivyo, kahawa ya Uganda iliendelea kupakuliwa katika bandari za Marekani. Takriban miezi ishirini ilipita kabla ya tarehe 10 Oktoba 1978, siku ambayo Carter alitia saini sheria iliyopiga marufuku kuingiza bidhaa za Uganda nchini mwake.

Miezi hiyo ishirini ndiyo kiini cha makala haya. Si rahisi kuieleza kwa kusema tu kwamba Marekani haikujua. Ilijua, na rais wake alisema. Wala haielezeki kwa kusema kwamba Marekani iliihitaji kahawa hiyo kiasi cha kutoweza kuiacha. Kahawa ya Uganda ilikuwa karibu asilimia 6 tu ya kahawa yote iliyoingizwa Marekani. Kwa upande wa pili, Marekani ilinunua takriban theluthi moja ya kahawa ya Uganda, na kahawa ndiyo iliyoiletea serikali ya Amin sehemu kubwa mno ya fedha zake za kigeni. Aliyekuwa na uwezo mkubwa wa kuumiza ndiye aliyekuwa na kidogo cha kupoteza, na bado alisita.

2.0 Madai Matatu na Mapungufu Yake

Dai la kwanza ni la wafuasi wa biashara huria. Wanasema kwamba nchi zinazouziana hupunguza uhasama, na kwamba mtawala anayehitaji soko la nje hujifunza kuheshimu mikataba, kisha sheria, kisha raia. Dai hili huchukulia kwamba mapato ya biashara husambaa katika jamii na kuzaa tabaka linaloweza kumdhibiti mtawala. Katika Uganda ya miaka ya 1970 mapato hayo hayakusambaa. Kahawa ilinunuliwa na bodi ya serikali kwa bei iliyopangwa, nayo ikauzwa nje kwa bei ya dunia. Tofauti ya bei hizo ilikwenda serikalini, na serikali ilikuwa jeshi. Bidhaa ikipita katika mkono mmoja, biashara haimlainishi mwenye mkono huo, humwongezea nguvu.

Dai la pili ni la wakosoaji wa ubeberu. Wao husema kwamba mataifa makubwa huangalia faida tu, na kwamba maneno ya haki ni pambo. Dai hili lina ushahidi mwingi, lakini linaeleza kupita kiasi. Kama faida ndiyo kila kitu, marufuku ya mwaka 1978 isingepitishwa kabisa. Nadharia inayotabiri kwamba hatua haitachukuliwa kamwe haiwezi kumsaidia mshauri wa sera anayetaka kujua ni lini inaweza kuchukuliwa.

Dai la tatu ni la watetezi wa vikwazo. Amin alianguka Aprili 1979, miezi sita baada ya marufuku ya Marekani; kwa hiyo, husemwa, marufuku ilimwangusha. Dai hili litarejewa katika sehemu ya tano. Itoshe kusema hapa kwamba kufuatana kwa matukio si ushahidi wa kwamba moja limezaa jingine.

3.0 Uingereza: Maslahi Yaliyotangulia Taarifa

Amin alipompindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuitambua serikali yake. Sababu za haraka hiyo hazikufichika. Mwezi Mei 1970 Obote alikuwa ametangaza kwamba serikali ingechukua asilimia 60 ya hisa katika kampuni kubwa za kigeni, nyingi zikiwa za Waingereza. Isitoshe, katika mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Singapore, ambako Obote alikuwapo siku alipopinduliwa, yeye pamoja na viongozi wenzake wa Afrika walikuwa wakiipinga vikali nia ya Uingereza ya kuiuzia silaha Afrika Kusini ya makaburu. Kwa London, kuondoka kwake kulikuwa nafuu mbili kwa mpigo.

Amin aliielewa hesabu hiyo. Katika miezi yake ya mwanzo alipunguza sehemu ya serikali katika kampuni nyingi hadi asilimia 49. Julai 1971 alikaribishwa London, akaonana na Waziri Mkuu Edward Heath na kula chakula cha mchana na Malkia. Wakati huohuo, katika kambi za jeshi nchini Uganda, askari wa Acholi na Lango walikuwa wakiuawa.

Mwaka mmoja baadaye hesabu iligeuka. Agosti 1972 Amin aliwafukuza Waasia kwa kuwapa siku tisini. Uingereza ilipokea watu wapatao 27,000, na mali za kampuni za Waingereza zikaanza kutaifishwa. Hapo ndipo msaada uliposimamishwa. Uhusiano wa kibalozi, hata hivyo, haukuvunjwa hadi Julai 1976, baada ya uvamizi wa Waisraeli katika uwanja wa ndege wa Entebbe na kuuawa kwa Dora Bloch, mama mzee aliyekuwa na uraia wa Uingereza pamoja na wa Israel. Mhakiki hawezi kupuuza mfuatano huu. Vifo vya askari wa Acholi na Lango vilivumilika. Kutaifishwa kwa mali na kuuawa kwa raia wa nchi husika havikuvumilika.

Hata kuvunja ubalozi hakukukata biashara. Ndege za mizigo kutoka Uganda ziliendelea kutua Stansted, karibu na London, zikileta kahawa na kurudi na pombe kali, redio, saa na bidhaa nyingine za anasa kwa ajili ya maofisa wa jeshi. Safari hizo zilijulikana, na magazeti ya Uingereza yaliziandika. Bidhaa hizo zilikuwa na kazi ya kisiasa: kwa mtawala aliyewategemea askari badala ya wapiga kura, sanduku la wiski lilikuwa mshahara wa utii. Kwa mizani ya taifa zima la Uingereza biashara hiyo ilikuwa ndogo sana. Kwa Amin ilikuwa kubwa kuliko thamani yake ya fedha.

4.0 Marekani: Kikombe Kisicho na Jina

Marekani ilifunga ubalozi wake Kampala mwaka 1973. Biashara haikufungwa. Kinyume chake, baridi kali iliyounguza mashamba ya kahawa ya Brazil mwezi Julai 1975 iliipandisha bei ya dunia kwa kasi, hadi ikapita dola 3 kwa ratili katika miezi ya mwanzo ya 1977. Kwa bahati mbaya ya kihistoria, Amin alifika katika ukatili wake uliojulikana zaidi wakati zao la nchi yake lilipokuwa na thamani kubwa kuliko wakati wowote.

Kuna jambo moja katika miezi hiyo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Mwanzoni mwa 1977 wanunuzi wa New York walihimizwa kupunguza au kuacha kunywa kahawa, na wengi waliitikia. Sababu haikuwa Uganda, ilikuwa bei. Mlaji wa Marekani alionesha kwamba anaweza kususia kahawa. Alichokosa ni habari kwamba ndani ya kikombe chake mlikuwa na Uganda. Robusta ya Uganda ilichanganywa na kahawa za nchi nyingine, hasa katika kahawa ya unga inayoyeyuka, na kopo halikutaja asili. Biashara ya aina hii huondoa jina la mzalishaji, na pamoja nalo huondoa jina la mtawala.

Waliorudisha jina hilo hawakuwa serikali. Walikuwa wabunge wachache, hususan Donald Pease wa Ohio katika Baraza la Wawakilishi, na maseneta kama Mark Hatfield na Lowell Weicker, wakisaidiwa na ushahidi wa wakimbizi wa Uganda. Katika mwaka 1978 kampuni kubwa za kahawa zilianza kutangaza kwamba zimeacha kununua kahawa ya Uganda, au kwamba zingefurahi serikali ikiwaelekeza la kufanya. Msimamo huo wa mwisho unafichua mengi. Hakuna kampuni iliyotaka kuwa ya kwanza kujitoa na kumwachia mshindani kahawa ya bei nafuu. Lakini sheria ikizibana zote kwa pamoja, hakuna anayepoteza kwa mwenzake. Maslahi ya biashara, yaliyodhaniwa kuwa kizuizi cha sheria, kwa sehemu yalikuwa yakiisubiri sheria.

Upinzani uliosalia ulitoka katika serikali yenyewe. Hoja zake zilikuwa nne: kwamba marufuku ya nchi moja hukiuka misingi ya biashara huria, kwamba Uganda itapata wanunuzi wengine, kwamba Wamarekani waishio Uganda watakuwa hatarini, na kwamba atakayeumia ni mkulima. Hoja ya tatu ilikuwa nzito, kwa kuwa Amin alikwisha kuwazuia Wamarekani hao kuondoka kwa siku kadhaa mwaka 1977. Hoja ya nne ndiyo iliyosikika kuwa ya huruma zaidi, na ndiyo iliyohitaji kupimwa zaidi.

Mkulima wa Uganda alikuwa amekwisha kuipima. Alipoona kwamba bodi inamlipa sehemu ndogo ya bei, na wakati mwingine haimlipi kwa wakati, alipeleka buni kwa magendo. Katika miaka ya 1976 na 1977 kahawa ilivuka Mlima Elgon kwa punda na kwa vichwa vya watu hadi Chepkube, upande wa Kenya, ambako utajiri wa ghafla ulikuwa gumzo. Mkulima aliyehatarisha maisha yake ili kahawa yake isipite katika njia rasmi hawezi kutumiwa kama shahidi wa kuitetea njia hiyo rasmi. Hili halimaanishi kwamba marufuku isingemgusa kabisa. Linamaanisha kwamba walioitoa hoja kwa jina lake hawakumuuliza.

Sheria ilipopita, ilipita kama kifungu ndani ya sheria nyingine iliyohusu mchango wa Marekani katika Shirika la Fedha la Kimataifa, sheria ambayo serikali iliihitaji. Bei ya kahawa nayo ilikuwa imeshuka sana kutoka kilele chake cha 1977, na robusta ilipatikana Ivory Coast na Indonesia. Dhamiri ilikuwapo tangu Februari 1977. Kilichoongezeka kufikia Oktoba 1978 ni habari, mbadala na njia ya kupitia bungeni.

5.0 Majirani na Dai la Anguko

Siku ishirini baada ya sheria hiyo kutiwa saini, majeshi ya Amin yaliivamia Tanzania na kuikalia sehemu ya Kagera. Watetezi wa vikwazo huuona uvamizi huo kama tendo la mtawala aliyebanwa. Lakini siku ishirini ni muda mfupi mno kwa marufuku ya kahawa kumaliza hazina. Mgogoro ndani ya jeshi la Uganda, pamoja na mpasuko kati ya Amin na makamu wake Mustafa Adrisi, ulikuwapo kabla ya Oktoba. Lililo salama kusemwa ni kwamba marufuku ilimnyima Amin fedha na heshima wakati alipozihitaji kwa vita. Aliyemwondoa ni askari wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka huohuo Marekani iliondoa marufuku yake.

Ulinganisho wa gharama unafundisha. Marekani ilibadilisha muuzaji wa sehemu ndogo ya kahawa yake. Tanzania ilipoteza watu, mifugo na mazao Kagera, ikabeba gharama ya vita ambayo uchumi wake ulichukua miaka mingi kuihimili. Ni kweli kwamba Tanzania ya wakati ule, yenye chama kimoja, haiwezi kuwekwa katika kundi la nchi za kidemokrasia kwa maana ya ushindani wa vyama. Hilo lenyewe linapaswa kumsumbua anayeamini kwamba aina ya serikali ndiyo huamua nani atamkabili dikteta. Mwalimu Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin tangu 1971, na kwa sababu hiyo mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haukuitishwa tena hadi jumuiya ilipovunjika 1977. Msimamo wake pia ulikuwa na gharama, na Watanzania waliilipa.

Kenya ilikuwa katika nafasi nyingine. Bidhaa za Uganda zilipita Mombasa kwa reli na barabara, na mapato ya njia hiyo yaliigusa serikali, wachukuzi na viwanda. Amin alipodai sehemu za magharibi mwa Kenya mwaka 1976, na hasa baada ya tukio la Entebbe, Kenya iliibana Uganda kwa mafuta na kudai ilipwe madeni yake. Haikuchukua muda mrefu pande hizo mbili zikaelewana na malori yakaendelea. Tendo hilo fupi lilidhihirisha kwamba mwenye bandari alikuwa na nguvu ya haraka kuliko mnunuzi wa mbali. Lilidhihirisha pia kwamba nguvu hiyo ilitumika kwa ajili ya mipaka na madeni, si kwa ajili ya waliouawa upande wa pili wa mpaka. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Katika mfano huu hata mzaliwa nawe alihesabu kwanza.

6.0 Maneno Yanayoficha Gharama

Uhakiki wa sera hauwezi kuacha lugha inayoibeba. Istilahi ya Kiswahili "maslahi ya taifa" huzungumza kana kwamba taifa lina mfuko mmoja. Katika mfano uliojadiliwa, mlaji wa Marekani, kampuni ya kahawa, mmisionari aliyeko Uganda na ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje walikuwa na maslahi manne tofauti. Kuyaita yote kwa jina moja ni kumpa mmoja wao haki ya kusema kwa niaba ya wengine.

Neno "vikwazo" nalo hubeba mambo mengi mno kwa pamoja: kumnyima mtawala soko, kuwanyima maofisa wake anasa, na kuwanyima raia dawa. Sheria ya 1978 yenyewe ilitofautisha, kwa kuwa katika kuzuia mauzo kwenda Uganda iliacha nafaka na vyakula. Mjadala wa Kiswahili ungefaidika kwa kutenganisha walau "marufuku ya ununuzi", "marufuku ya mauzo" na "kunyimwa upendeleo", kwa sababu kila moja humwangukia mtu tofauti.

Tofauti hiyo ya mwisho ni muhimu leo. Mwaka 2018 Marekani iliiondolea Rwanda upendeleo wa kuuza nguo bila ushuru chini ya sheria ya AGOA, baada ya wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kulalamikia ushuru ambao Rwanda iliutoza kwenye mitumba. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 iliiondoa Uganda katika mpango huohuo kwa sababu zilizotajwa kuwa za haki za binadamu. Chombo ni kilekile. Kimetumika mara moja kulinda soko na mara nyingine kutetea haki. Mshauri wa sera anayesoma tangazo la pili bila kulikumbuka la kwanza atakosa kuona kwamba hatua hizi huenda haraka pale zinapokuwa na mdai wa ndani anayejulikana kwa jina, na huenda polepole pale mdai ni mkimbizi.

7.0 Hitimisho

Mfano wa Uganda hauthibitishi kwamba biashara ni adui wa haki, wala kwamba ni rafiki yake. Unaonesha kwamba nchi ya kidemokrasia hutenda dhidi ya dikteta pale mambo matatu yanapokutana: raia wake wanapojua wanachonunua, bidhaa inapokuwa na mbadala, na gharama inapogawanywa kwa wote wanaoshindana katika soko. Mambo hayo yote yanaweza kuandaliwa na sera. Kutaja asili ya bidhaa kwenye kopo, kutafuta wauzaji wengine mapema, na kutunga kanuni inayozibana kampuni zote kwa pamoja ni kazi za kawaida za serikali, na hazihitaji kusubiri askofu auawe.

Hatua iliyo nafuu si ya kudharauliwa kwa sababu ni nafuu. Asilimia 6 ya kahawa ya Marekani ilikuwa theluthi ya kahawa ya Uganda, na pengo la namna hiyo ndiko mahali pa kwanza ambapo mshauri anapaswa kutazama. Kosa la miaka ya 1977 na 1978 lilikuwa kudai kwamba msimamo ulikuwa ghali bila kuonesha hesabu, na kumtaja mkulima katika hesabu hiyo bila kumsikiliza.

Kwa nchi za Afrika Mashariki, ambazo mkataba wa jumuiya yao wa 1999 unautaja utawala bora, demokrasia na haki za binadamu kati ya misingi yake, swali hili si la Washington wala London peke yake. Mpaka mmoja hupitisha lori, mkimbizi na buni ya magendo. Serikali inayosema kwamba haiwezi kuhatarisha biashara ya lori inapaswa kuulizwa ni gharama kiasi gani, italipwa na nani, na kama imekwisha kuhesabu gharama ya mkimbizi na ya vita vinavyoweza kufuata. Kagera ilihesabiwa baada ya tukio.